Amulen na Tambi za Mwani

Katika mstari wa vibanda vya chakula unaotazamana na yadi ya malori hapa Busia, upande wa Uganda, kibanda cha Amulen ni cha tatu ukitokea kwenye choo cha kulipia. Hakina jina ukutani. Madereva humwita mwenyewe Mama Tambi, na dereva anayesubiri karatasi zake zigongwe muhuri akiambiwa aende kwa Mama Tambi hahitaji maelezo mengine. Wanawake wengine kwenye mstari ule huuza ugali, wali, maharagwe na samaki. Yeye peke yake huuza tambi, zile ndefu za ngano, na mchuzi wa nyama unaochemka tangu alfajiri mpaka nyanya zisijulikane tena kama zilikuwa nyanya. Kazi hiyo alifunzwa ujanani na mwanamke wa Kisomali aliyekuwa na hoteli upande wa Kenya. Yule mama alihama zamani, hoteli ikawa duka la simu, na tambi zikabaki mikononi mwa Amulen.

Ni Mteso wa Merikit. Alikuja mpakani akiwa na miaka kumi na tisa, akaolewa hapa, akafiwa na mume hapa, na sasa ana hamsini na moja. Mimi hufundisha upishi na lishe katika sekondari moja ya mjini, na kwa miaka tisa nimekula chakula changu cha mchana kwake, kwenye benchi la karibu na jiko, mahali ambapo mtu huona kila kitu.

Kwetu huku aliyepika ndiye huonja kwanza. Kwenye chungu cha pombe ya wimbi, mwenye chungu huvuta mrija kabla ya wageni. Kwenye chakula, mpishi hutia kijiko katika sufuria ileile, mbele ya mgeni, akatafuna na kumeza. Watu wa njia hii wamesikia habari nyingi mno za sumu, za kweli na za uongo, na dereva aliye mbali na kwao huzisikia zote. Hakuna anayemwambia mpishi aonje. Hakuna hata anayeonekana kutazama. Ila kijiko kikishapita koo la mpishi, utaona mabega ya watu yakishuka kidogo, kisha mikono inaanza kufanya kazi.

Amulen alikuwa akionja kwa kila kundi jipya lililoketi. Siku yenye foleni ndefu ya malori angeonja mara kumi na tano.

Ugonjwa wake ulikuja polepole. Tumbo lilijaa upepo, kisha likaanza kumkimbiza chooni, kisha mwili ukapungua. Alipewa dawa za minyoo, halafu za vidonda vya tumbo. Majirani walipoanza kunong'ona alipima virusi vya UKIMWI mara tatu, na mara tatu hakuwa navyo, lakini mnong'ono haukupima naye. Alipofika kiasi cha kushika meza ili asimame, nduguze walimpeleka hospitali moja huko Mbale, na daktari kijana akatuma damu yake Kampala. Majibu yalikuja baada ya mwezi. Alinipa barua niisome, tukiwa wawili tu, sufuria zikiwa zimeoshwa.

"Inasema nini, Madam?"

"Inasema tumbo lako linakataa ngano. Ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, ndicho kinafanya unga uvutike. Kikiingia tumboni mwako, mwili unajipiga wenyewe."

"Ngano gani?"

"Ngano yote. Chapati, mandazi, mkate. Tambi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Sasa hii ni kama kuambia mchoma makaa asione moshi."

"Kuona unaweza. Kuuza unaweza. Kula ndiyo huwezi, hata kijiko."

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko kimoja, Amulen."

Akaacha kucheka. Alitazama jiko kwa muda mrefu, nikajua anahesabu vijiko vyote vya miaka ile.

Kwa mtu mwingine habari ile isingekuwa kifungo. Chakula cha kwao Merikit ni ugali wa wimbi na muhogo, ambao Wateso huuita atap, na ndani yake hamna ngano. Alianza kuula asubuhi na jioni, na wimbi lake alisaga nyumbani kwa jiwe, kwa sababu mashine ya hapa mjini husaga kila kitu cha kila mtu, hata ngano. Lililobaki lilikuwa lile la kuonja. Alijaribu kumweka Acom, binti wa dada yake, aonje mahali pake. Dereva wa kwanza kuona jambo hilo alisema kwa sauti, "Mama Tambi, mtoto wa wenyewe unamtuma akufe mbele yako?" Benchi zima likacheka, Amulen akacheka pia. Lakini yule dereva aliacha nusu ya sahani yake, na waliokuwa naye wakaacha pia, na Acom hakutaka tena.

Aliyeleta tambi za mwani ni Odwori, Msamia wa upande wa Kenya, dereva wa lori la Mombasa hadi Kampala. Alikuwa amekula kwa Amulen tangu akiwa utingo, na ndiye dereva pekee aliyeambiwa ugonjwa wenyewe. Dada yake hupika katika hoteli ya watalii huko pwani.

"Mathe, cheki hii," alisema, akitupa pakiti tatu mezani. "Kule kuna wazungu hawagusi ngano kama wewe. Wanapikiwa hizi. Ni mwani, majani ya baharini. Ati ni afya tupu."

Amulen alifungua pakiti moja. Zilikuwa nyuzi nyembamba zinazopenya mwanga, kama nailoni ya mvuvi iliyolowa. Alivunja moja kwa meno. Ililia kama tango.

"Odwori, mwanangu. Hii si ya kushonea viatu?"

"Wazungu wanalipia hiyo pesa mingi."

"Wazungu wanalipia hata kupanda ule mwamba wa Tororo na kushuka."

Niligeuza pakiti nikasoma. Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia hazina ngano kweli, ni salama kwake, lakini pia hazina nguvu. Ni maji na chumvi za bahari, na wanaozisifu sana ni watu wanaotaka kupungua. "Wewe unataka kuongezeka," nikasema. "Usiache atap."

"Siachi. Ila hizi zinafanana na tambi, si ndiyo?"

"Ukizitazama kwa mbali."

"Basi nazitaka."

Kuzilainisha hakukuandikwa kwenye pakiti kwa lugha tuliyoijua. Alijua mwenyewe. Alizilaza katika maji ya magadi, yaleyale ya kuivishia mboga za kunde, akakamulia limau, akaziacha nusu saa. Zikalegea. Akazisuuza, akazitia katika sufuria ndogo ya mchuzi uleule wa nyama, na zikashika rangi mpaka mimi mwenyewe, nikiwa benchi la karibu, nikawa natafuta tofauti.

Tangu siku hiyo alibadilisha namna ya kuonja. Wageni wakiketi, alikuja na sahani yake mkononi, akasimama kati yao akila na kuuliza habari za njia, za mizani na za polisi. Watu waliona mama anakula tambi zake kwa hamu, wakala. Ilikuwa Machi. Kufikia Juni mashavu yalirudi, na akawa anatembea kutoka jikoni hadi bombani na ndoo mbili bila kupumzika. Odwori kila alipopita aliacha pakiti. Ile miezi minne ndiyo mizuri niliyoiona katika maisha yake, na nikiikumbuka sasa naona ilivyokuwa imesimama juu ya kitu chembamba.

Osire ni Mjapadhola wa Tororo anayebeba simenti kwa lori la watu. Mtu mcheshi, mpenda nyama, na mkono wake haukai kwenye sahani yake. Siku ya Alhamisi moja mwezi wa Julai, Amulen alikuwa amesimama karibu naye na sahani yake.

"Ona huyu mama," Osire akasema. "Nyama nzuri anajiwekea yeye. Sisi tunapewa mifupa na salamu." Kabla Amulen hajavuta sahani, uma wa Osire ulikuwa umeshaingia na kutoka. Akatafuna. Pakiti za safari ile zilikuwa ngumu, magadi hayakuwa yamezikolea vizuri, nasi sote tukasikia ule mlio.

Osire akatema kiganjani. "Hii ni nini?"

"Ni dawa yangu ya tumbo," Amulen akasema haraka.

"Dawa? Unakula dawa, sisi tunakula nini?"

Watu walicheka, na ingeweza kuishia pale. Lakini usiku uleule Osire alishikwa na homa na tumbo, akalazwa siku nne huko Tororo. Madaktari walisema taifodi. Yeye alirudi barabarani akiwa amekonda, na kila aliyemuuliza alimjibu maneno yale yale: "Mimi sisemi kitu. Nasema tu hakuwa anakula tulichokula."

Hakuhitaji kusema zaidi. Neno lilitembea na malori. Lilipofika Malaba lilikuwa limeota mkia, kwamba mama yule huzindikwa, hula nywele za majini ndizo humletea wateja, na chakula cha sufuria kubwa kina mengine. Mwezi Agosti nilikuta mabenchi matupu saa saba mchana. Sufuria kubwa ya tambi ilikuwa imeganda kama keki. Akanipakulia. Nitasema ukweli, kwa sababu nimesema wa wengine: mimi niliyeisoma barua ya hospitali, mimi niliyejua kila kitu, mkono wangu ulisita kidogo kabla ya kuingia sahanini. Aliona.

Alijaribu njia ya kweli. Alibandika pakiti ya mwani ukutani, na madereva wachache waliokuja kwa udadisi akawaeleza ugonjwa wake tangu mwanzo.

"Mwani ni nini?" akauliza mmoja.

"Majani ya bahari."

"Na wewe Mteso wa Merikit, bahari umeiona wapi?"

Aliwapikia wote sahani moja ya tambi za mwani, bila malipo, ale pamoja nao kutoka sufuria moja. Hilo lilikuwa wazo langu. Niliona kwamba kama chakula chake kingekuwa chakula cha wote, mambo yangekwisha. Walikula kwa adabu. Mzee mmoja alifuta midomo akasema, "Mama, si mbaya. Ila hiki ni chakula cha mtu mwenye ameshiba." Wakavuka mstari kwenda kula ugali na samaki kwa jirani. Darasani nisingeweza kulisema jambo hilo vizuri kuliko yule mzee.

Septemba Amulen aliamua kwenda Tororo kwa Osire, akaniomba niende naye na barua. "Yeye ndiye alifunga, yeye ndiye atafungua," alisema. Tulipanda bodaboda kutoka stendi ya Tororo, tukavuka reli, tukafika nyumba ya vyumba viwili yenye vumbi la simenti kwenye majani ya ua. Osire alikuwa nyumbani, redio mapajani. Mkewe, Aboth, alitukaribisha kwa heshima yote, akatuletea maji ya kunawa kabla hatujasema kilichotuleta.

Amulen alisema mwenyewe. Alisema vizuri, bila kulia. Kisha nikasoma barua, nikiifasiri pole pole.

"Ugonjwa wa kukataa chapati," Osire akasema. "Mimi nimezaliwa hapa, nimezika watu wengi, huo sijausikia."

"Upo," nikasema. "Ni wa nadra, lakini upo."

"Wa wazungu."

"Tumbo halina kabila, Osire."

"Madam, mimi sikatai. Na huyu mama nampenda, amenilisha miaka. Lakini weka wewe mahali pangu. Mtu anakupikia, chake kiko kando, unaonja chake ni mpira, jioni unaanguka. Ungefikiri nini?"

Amulen akajibu kabla yangu. "Ningefikiri kama wewe."

Ndipo Aboth alipoingia na chai na sahani ya chapati. Alikuwa amezipika tukiwa tunaongea, zilikuwa bado zinatoa moshi. Akaketi. Akachana moja mbele yetu, akala kipande, akameza, akasukuma sahani kwa Amulen. Alifanya kama mama yake alivyomfundisha, bila hila yoyote. Alikuwa anatuambia kwamba katika nyumba ile hatuna adui.

Na kukataa kulikuwa na maana yake pia. Mtu anayekuja kusuluhisha jambo la sumu, akakataa kula kwa wenyeji, ameshajibu.

"Aboth," nikasema, "daktari amemkataza. Ndiyo hiyo tumesoma sasa hivi."

Aboth akatazama mumewe, akiwa na aibu. Osire akazima redio.

"Barua ni yako, Madam," akasema, hata bila ukali. "Mdomo ni wake."

Amulen hakunitazama. Alichukua chapati, si kipande, chapati nzima, akaikunja, akaila pole pole na chai yake, kama mgeni anayefurahia. Osire alimtazama tangu mwanzo hadi mwisho, safari hii bila kujificha. Alipomaliza, Osire akachukua chapati yake, na nikaona mabega yake yakishuka.

"Basi," akasema. "Hayo yamekwisha. Nitakuja na watu wangu Jumatatu, tambi zako nimezikumbuka, wewe mama."

"Karibu," akasema Amulen, kisha akashukuru kwa Kiteso. "Eyalama."

Tulipofika kwenye reli aliomba bodaboda isimame. Alitapika kwenye nyasi, mkono mmoja umeshika kifundo changu cha mkono. Nilimwambia kwamba kosa ni la mara moja tu, kwamba tumbo litapona kama akirudi kwenye atap kesho. Akajipangusa kwa ncha ya leso.

"Jumatatu watakuja wangapi, unafikiri?"

Walikuja saba. Osire aliketi katikati kama bwana harusi. Amulen alileta sufuria kubwa mpaka mezani, akachota, akala, akachota tena, akala. Osire akapiga meza. "Mnaona? Mnaona mama yenu?" Ndani ya wiki mbili mabenchi yalijaa. Neno lilirudi barabarani lilikopitia, na sasa lilikuwa zuri: Mama Tambi amerudi, Mama Tambi anakula na wewe.

Nilifanya nilichoweza. Nilimwambia ateme kwa siri. Alijaribu mara moja, mteja akageuza shingo, ikabidi ameze na kutabasamu. Nilimwambia auze ugali wa wimbi; akanionyesha kwa kidevu wanawake sita wanaouza ugali kwenye mstari ule, wawili wao wakiwa hawajauza kitu. Nilimwambia arudi Merikit alime. "Shamba ni la ndugu za mume," akasema. "Na nikirudi huko mgonjwa, watasema walijua." Odwori alileta pakiti nyingine mwezi wa Oktoba. Amulen alimshukuru, akamlisha, akamwomba asilete tena, kwa sababu zikionekana jikoni watu wataanza upya. Odwori aliondoka akiwa ameinama, pakiti zikiwa chini ya kwapa. Hakuwa na pa kuzipeleka.

Najua kinachoendelea ndani yake. Nimesomea. Kuta za utumbo zinalala kama nyasi zilizokanyagwa, chakula kinapita bila kushikwa, hata ile atap anayokula usiku haimfikii. Naweza kuichora ubaoni na kuipigia mistari. Kufikia Desemba vazi lake la gomesi lilikuwa likizunguka mwili mara mbili. Madereva wanamwambia apumzike, Mama, kazi inakumaliza, na wanasema kwa upendo wa kweli, huku wakingoja.

Tarehe ya kurudi hospitali ya Mbale ilikuwa Jumanne moja ya Januari. Nilienda kumkumbusha asubuhi. Foleni ya malori ilikuwa imepita kituo cha mafuta, na yeye alikuwa ameshachemsha sufuria mbili.

"Nenda uwaambie nimepona," akasema.

"Siwezi kuwaambia hivyo."

"Basi kaa ule."

Niliketi benchi langu. Akapakua sahani yangu, kisha mkono wake ukarudi kwenye sufuria na kijiko. Nikaushika.

"Yangu usionje. Mimi nakuamini."

Alinitazama, na kwa kitambo nikadhani atakiweka chini. Nyuma yangu watu wanne walikuwa wameingia wakinawa mikono, wageni, sikuwajua.

"Wewe unaniamini, Madam," akasema kwa sauti ya chini. "Wale wanaangalia." Akautoa mkono wake katika wangu taratibu, bila hasira, akapeleka kijiko mdomoni.